Rivolva Mpya na Daftari la Ghala la Silaha

Siku ya mechi kubwa, Nakivubo hufurika watu mapema. Upande mmoja wachuuzi wa Owino hawajafunga mabanda yao, upande wa pili mafundi wa Kisekka wangali chini ya magari ya watu, na mfereji mkuu unapita ukichukua maji ya mvua ya Kampala kuyapeleka Ziwa Viktoria. Tangu uwanja ulipofunguliwa upya mwaka 2024, baada ya miaka kadhaa ya kubomolewa na kujengwa, umati umerudi, na pamoja na umati wamerudi askari wa kuulinda. Mmoja wao husimama langoni, bega kwa bega na akina mama, watoto na vijana waliojipaka rangi za timu zao. Kiunoni ana bastola. Leo twapenda kuizungumzia bastola hiyo, na hasa ile ambayo imetolewa ghalani ikiwa mpya kabisa, ingali inang'aa, na ambayo kwa sababu hiyo hakuna aliyeitilia shaka.

Silaha ya mkononi yaweza kumsaliti mwenye nayo kwa njia mbili. Yaweza kukataa kulia pale wajibu unapoidai, na yaweza kulia pasipo amri ya mtu yeyote. Askari aghalabu huifikiria njia ya kwanza, maana ndiyo inayohatarisha roho yake mwenyewe. Walakini mahali kama Nakivubo, ambapo watu husongamana hata mkono haupati nafasi ya kuinuka, njia ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Risasi moja iliyotoka kwa bastola iliyoanguka haichagui pa kwenda, na mkanyagano unaofuata mlio wake waweza kuua watu wengi kuliko risasi yenyewe.

Msomaji wetu aliye kazini atasema kwamba rivolva ni silaha ya babu zetu, na kwamba askari wa leo hubeba Kalashnikov, na maafisa hubeba bastola za magazini. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini rivolva haijafa. Viwanda vya Marekani vingali vinatengeneza miundo mipya na kufufua ya zamani, na bastola ya aina hiyo huonekana mikononi mwa walinzi na raia wenye leseni katika nchi nyingi. Tena historia ya rivolva yatufundisha habari ya silaha mpya kwa uwazi kuliko silaha nyingine yoyote, kwa kuwa ndiyo iliyosifiwa daima kwamba haikosei.

Sifa hiyo ina msingi. Rivolva haina magazini ya kupinda midomo wala haitegemei nguvu ya risasi iliyotangulia ili kupakia inayofuata. Risasi ikiwa mbovu, askari huvuta kifyatulio tena na tundu jingine la silinda huja mbele ya mtutu. Lakini tuifungue tutazame ndani. Kuna kidole kidogo cha chuma kinachoisukuma silinda izunguke. Kuna komeo dogo linaloisimamisha silinda pale hasa tundu linapolingana na mtutu. Kuna kamani ya nyundo, kamani ya kifyatulio, na pini ya kupiga fataki. Kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu pana mwanya mwembamba usiozidi sana unene wa karatasi chache. Mwanya ukiwa mwembamba mno, masizi ya baruti huufunga na silinda hukataa kuzunguka. Ukiwa mpana mno, moto na vipande vya risasi humrukia mpigaji na aliye kando yake. Kidole kikichelewa kidogo tu, tundu halilingani na mtutu, na risasi huingia mtutuni ikikwaruzwa ubavu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo askari wengi hawajaambiwa. Bastola ya magazini hukwama mara nyingi zaidi, lakini mtu aliyefundishwa huikwamua kwa mkono katika muda wa pumzi mbili. Rivolva hukwama mara chache, lakini ikikwama ndani ya mashine yake imekwama kwelikweli: haikwamuliwi langoni mwa uwanja wala kichakani, yataka bisibisi, taa na fundi wa silaha.

Na tuangalie mfano. Polisi wa Marekani walikuwa wametumia tangu mwaka 1955 rivolva ya Smith & Wesson iliyojulikana baadaye kama Model 19, ambayo ilikuwa nyepesi kiunoni na ilipiga risasi kali ya .357 Magnum. Kwa miaka mingi askari waliibeba wakiwa na risasi kali lakini wakifanya mazoezi kwa risasi hafifu za .38, na silaha ilistahimili. Siku amri ilipotoka kwamba mazoezi yafanywe kwa risasi zile zile za kazini, kitako cha mtutu cha baadhi ya bastola hizo kikaanza kupasuka, hasa kwa risasi nyepesi za mwendo mkali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikaleta dawa, nayo ilikuwa rivolva mpya yenye fremu nene zaidi, Model 586 na ndugu yake wa chuma kisichoshika kutu, Model 686. Idara nyingi zilizipokea kwa furaha. Ikafika mwaka 1987, kiwanda chenyewe kikawaomba wenye bastola hizo wazirudishe. Ilionekana kwamba kwa aina fulani za risasi, bati laini la fataki lilisukumwa nyuma na nguvu ya baruti likaingia katika kitundu cha pini, likashika kama ulimi katika kufuli, na silinda haikuzunguka tena. Zilizotengenezwa upya zilipigwa chapa ya herufi M ili zijulikane.

Twaomba wasomaji wetu walipime jambo hilo. Chuma kilikuwa kizuri. Muundo ulibuniwa kwa makusudi ya kuponya udhaifu wa ule wa kwanza, na kiwanda kilikuwa na zaidi ya miaka 100 ya kazi hiyo hiyo. Hata hivyo kasoro haikuonekana mpaka silaha zilipokwisha kugawanywa, kwa kuwa haikukaa ndani ya bastola peke yake wala ndani ya risasi peke yake. Ilikaa pale zilipokutana. Jaribio lililofanywa kwa risasi za nchi moja halimhakikishii chochote askari wa nchi nyingine mwenye risasi za kiwanda kingine.

Karibu na siku zetu, Januari 2020, kampuni ya Colt iliirudisha sokoni rivolva yake mashuhuri, Python, iliyozaliwa mwaka 1955 na ambayo utengenezaji wake ulikuwa umekoma kwa miaka mingi. Jina lilikuwa kubwa na bei ilikuwa ya kifahari. Baadhi ya wanunuzi wa kwanza wakalalamika kwamba mara nyingine silinda haikuzunguka ipasavyo baada ya kuvuta kifyatulio. Skrubu ya bamba la ubavuni ilitajwa kuwa miongoni mwa sababu: ikilegea kidogo, vyombo vya ndani hukosa mahali pao. Skrubu moja! Fundi yeyote wa Kisekka atakueleza habari ya skrubu moja iliyolegea. Gari likitoka kiwandani, yeye hapumziki mpaka limekwisha kwenda kilomita za kwanza na nati zimekazwa mara ya pili. Ni ajabu kwamba busara inayotumiwa kwa gari la abiria yaonekana kuwa dharau inapotumiwa kwa bastola mpya.

Sasa turudi kwenye ile njia ya pili, ya silaha kulia yenyewe, na hapa uwanja wenyewe watukumbusha. Kabla ya kupewa majina ya siku hizi, Nakivubo uliwekwa na sheria kuwa Uwanja wa Ukumbusho wa Vita, kwa heshima ya waliokufa vitani. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Uganda walikwenda mbali. Batalioni ya Nne ya King's African Rifles, iliyokuwa batalioni ya Uganda, ilipigana Burma mwaka 1944 ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Rivolva za majeshi ya Uingereza katika vita hivyo zilikuwa Webley, Enfield, na zile zilizoletwa kutoka Marekani.

Enfield No. 2 ilipoanza kutumika katika miaka ya 1930 ilikuwa na kizuizi kinachoizuia nyundo isiguse fataki kama bastola ikianguka. Vita vilipopamba moto na viwanda vikadaiwa bastola nyingi kwa haraka, mwaka 1942 ukatolewa muundo mpya, Mark I kwa nyota mbili, na kizuizi hicho kikaondolewa ili kupunguza kazi kiwandani. Kipande kidogo cha chuma. Dakika chache za fundi. Rivolva iliyoanguka vibaya sasa iliweza kulia. Baadaye jeshi lilizikusanya bastola hizo na kuzirudishia kile kilichokuwa kimeondolewa. Twaona hapa kwamba silaha iliyokuwa mpya zaidi ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, na kwamba ubaya wake haukutokana na ujinga. Kulikuwa na mtu aliyepima hatari kwa upande mmoja na idadi kwa upande mwingine, naye hakuwa yeye atakayeibeba.

Upande wa Marekani, Smith & Wesson ilikuwa ikitengeneza rivolva iliyoitwa Victory, na zaidi ya 500,000 za aina hiyo zilikwenda Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake. Hiyo ilikuwa na kizuizi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1944, ndani ya meli ya kivita, bastola moja ilianguka juu ya sakafu ya chuma, ikalia, ikamwua baharia. Uchunguzi ulionyesha kwamba kizuizi kile kilitegemea kamani nyepesi, na kwamba mafuta mazito ya kuhifadhia silaha yakiganda yaliweza kukizuia kisirudi mahali pake. Wahandisi wakabuni kizuizi kingine kinachosukumwa kwa nguvu na mwendo wa kifyatulio chenyewe, kisichomtegemea kamani wala usafi wa mafuta, na mwanzoni mwa mwaka 1945 bastola zilianza kutoka zikiwa nacho. Kizuizi cha namna hiyo kimeendelea kutumika katika rivolva za kampuni hiyo kwa miongo mingi baadaye.

Kilichofanya kazi hapo ni taarifa. Aliyekufa alikuwa mmoja, vitani, katika mwaka ambao watu walikufa kwa maelfu. Ingalikuwa rahisi sana kuandika kwamba baharia alikuwa mzembe, kumzika na kuendelea. Badala yake bastola ilifunguliwa, ikatazamwa, na habari ikafika kwa mtu mwenye uwezo wa kubadilisha mchoro.

Kinyume chake kilitokea Vietnam, ingawa huko tunatoka katika rivolva na kuingia katika bunduki. Katika miaka ya 1966 na 1967 wanajeshi wa Marekani walikutwa wamekufa huku bunduki zao mpya za M16 zikiwa zimekwama na ganda la risasi likiwa limenasa ndani. Waliokuwa hai walipolalamika, jibu la kwanza walilopewa ni kwamba hawakuzisafisha. Ilhali wengi walikuwa wamepewa bunduki hizo pasipo vifaa vya kusafishia, na kwa sifa kwamba hazihitaji matunzo mengi. Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Bwana Ichord ilipochunguza na kutoa taarifa yake mwaka 1967, ilidhihirika kwamba baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa baada ya bunduki kubuniwa, wala chumba cha risasi hakikupakwa kromu ya kuzuia kutu. Mambo hayo yakarekebishwa, vifaa vikagawanywa, na mwaka 1968 kikatolewa kitabu cha picha za kuchekesha cha kumfundisha askari kuitunza bunduki yake. Picha za kuchekesha zilikuja baada ya makaburi.

Hatusemi kwamba askari hakosi kamwe. Twajua, na wakufunzi wanajua, kwamba silaha nyingi hukataa kazi kwa sababu ya mchanga, jasho, mafuta mengi kupita kiasi, au risasi iliyokaa kwenye mkanda mpaka ikafanya kutu ya kijani. Ala ya ngozi iliyolowa mvua ya Machi hula chuma usiku mmoja. Wapo pia wanaopenda kuifunga silinda kwa kuipiga kofi kama wanavyoona katika sinema, mpaka mkono wake unapinda na kidole cha ndani kinapoteza kipimo; desturi hiyo ni ya kijinga na twaitaja tu ili ikomeshwe. Lakini kosa la mtu hujulikana kwa uchunguzi. Anayelitangaza kabla ya bastola kufunguliwa anaificha kasoro, na kasoro iliyofichwa humngoja askari wa zamu inayofuata.

Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi hapa? Kwa sababu eneo letu limeanza kuwa mtengenezaji, si mnunuzi tu. Kwetu Uganda kiwanda cha Luwero, kule Nakasongola, kinatengeneza risasi. Jirani zetu wa Kenya wana kiwanda cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 walizindua Ruiru kiwanda cha kuunganisha bunduki ndogo chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Ni hatua ya kujivunia. Nayo yaleta wajibu ambao zamani tuliuachia Birmingham na Springfield, yaani kuzitoa kasoro za silaha mpya kabla hazijafika mikononi mwa askari, na kuzipokea habari za kasoro zilizoponyoka. Mtengenezaji aliye mbali huandikiwa barua na pengine asijibu. Mtengenezaji aliye karibu hana kisingizio.

Kiwandani rivolva hupigwa risasi chache za majaribio kabla haijafungwa sandukuni. Risasi hizo chache zaonyesha kwamba mashine inazunguka. Hazionyeshi itakavyozunguka ikishapata joto, ikishajaa masizi, ikishabebwa miezi sita katika vumbi la Karamoja na unyevu wa Entebbe. Wafaransa walilielewa jambo hili. Walipohitaji rivolva kwa kikosi chao maalumu cha GIGN, ambacho watu wake hupiga risasi nyingi mno mazoezini, silaha iliyosifika kwao ilikuwa Manurhin MR73, iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kustahimili risasi kali siku baada ya siku. Bei yake ilikuwa kubwa. Walilipa.

Hatutarajii kila kituo cha polisi kinunue silaha ya GIGN. Twatarajia jambo dogo zaidi. Silaha za aina mpya zinapofika, chache zitolewe sandukuni pasipo kuchaguliwa, zipewe askari wa kawaida badala ya mabingwa wa shabaha, zipigwe kwa risasi zile zile zitakazotumika kazini, zikiwa safi na zikiwa chafu, na kila kukwama kuandikwe kwa namba ya silaha na namba ya fungu la risasi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imekwisha kuzitaka nchi zetu zitie alama silaha na kuweka kumbukumbu zake. Nia yake ilikuwa kuzuia magendo, lakini namba ile ile inayomkamata mwizi yaweza pia kuikamata kamani mbovu, kama kuna mtu anayeandika.

Yapo pia mambo ambayo hayangoji mkutano wa wakubwa. Askari mazoezini akivuta kifyatulio na risasi isilie, na aielekeze bastola mahali salama na angoje nusu dakika kabla ya kuifungua, kwa maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Risasi ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, asipige nyingine mpaka mtutu umetazamwa, kwani huenda risasi ya kwanza imenasa humo. Silinda ikizunguka kwa uzito kuliko jana, hiyo ni taarifa, nayo yatakiwa ifike kwa fundi kabla ya zamu. Na mwenye rivolva ya kizamani isiyo na kizuizi cha nyundo na aiache tundu moja tupu chini ya nyundo, kama walivyofanya waliotangulia. Kampuni ya Ruger ilizitengeneza rivolva za namna hiyo kuanzia mwaka 1953, ikabadilisha muundo mwaka 1973, na tangu 1982 ikajitolea kuzitengeneza upya za zamani bure. Hata hivyo ziko ambazo hazikurudishwa kamwe.

Na ndugu zetu makamanda wataturuhusu neno moja. Koplo anayekuja kusema kwamba bastola yake mpya imekataa mara mbili katika risasi hamsini, akipokelewa kwa kuulizwa kwa nini haipendi mali ya serikali, hatarudi tena. Wenzake waliosikia jibu hilo nao hawatakuja. Bastola itarudi mahali pake, kitandani mwake ghalani, ikiwa na sifa nzuri.

Juu ya Nakivubo pana kilima cha Old Kampala, ambapo Kapteni Lugard alipiga kambi Desemba 1890. Bunduki ya Maxim aliyokuja nayo ilikuwa kongwe, imekwisha kuvuka Afrika pamoja na Stanley, na yeye mwenyewe alijua kwamba imechoka. Tofauti na wengi wanaopokea silaha mpya leo, yeye alijua hali ya alichokishika.

Mechi ikiisha na umati ukimiminika kuelekea kituo cha mabasi, askari wa langoni hurudi kituoni na kukabidhi silaha. Mtunza ghala huandika namba, idadi ya risasi, saa ya kurudisha, na hali ya silaha. Afisa mkaguzi atakapopita, na alifungue daftari hilo katika safu ya mwisho. Kama kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho safu hiyo ina neno "nzuri" peke yake, mwandiko mmoja, wino mmoja, basi aagize bastola zote zitolewe juu ya meza, na aanze kazi yake hapo.